Kifungu cha Tatu cha Hedimasta

Mtihani ukianza, Hedimasta wetu alikuwa anaondoka. Hiyo ndiyo habari ya kwanza ambayo mtu yeyote wa kule kwetu Mukurweini, Nyeri, angekupa juu yake, kabla hajakwambia kwamba alikuwa mrefu au kwamba alifundisha hisabati. Aligawa karatasi, akatazama saa yake, akasema, "Mna saa mbili na heshima yenu," halafu huyoo, mpaka jikoni. Huko alikaa na mpishi wakinywa chai na kucheza drafti kwa vifuniko vya soda, na sisi darasani tukamsikia akicheka. Alicheka kwa sauti makusudi ili tujue yuko mbali. Wakati wa kurudi alianza kukohoa tangu mlango wa jikoni, akakohoa uwanja mzima, asije akamfumania mtu. Siku hizi nawaona walimu wakivaa raba siku ya mtihani ili wasisikike wakinyatia. Huwa nawaangalia tu, nasikitika.

Alikozaliwa hasa sikujui, na sitajifanya najua. Alitoka magharibi, ng'ambo ya Bonde la Ufa, akaletwa kwetu miaka ya mwanzo ya Uhuru, wakati wazazi wetu walikuwa wamejenga shule kwa mawe waliyobeba wenyewe lakini hawana mtu wa kuiongoza. Kikuyu alijifunza, lakini alikisema kama mtu anayevuka mto kwa kuruka mawe: neno moja, anatulia, anatafuta la pili. Githeri hakuipenda hata siku moja. "Nyinyi mnachemsha mahindi mazima kana kwamba kinu hakijafika huku," alimwambia mpishi, ambaye alikuwa Mkamba na hakuona kosa lolote. Kisha alimaliza sahani.

Alikuwa na neno lake moja, "Onyesha kazi." Katika hisabati ni jambo la kawaida, hatutaki jibu tupu, tunataka kuona ulivyolifikia. Lakini yeye alilipeleka kila mahali. Ukichelewa, onyesha kazi: ulitoka nyumbani saa ngapi, mlima ulikula dakika ngapi, mtoni ulisimama na nani. Wasichana wawili wakigombana, kila mmoja aonyeshe kazi. Hata padri alipokuja kuhubiri juu ya Nuhu, tulimwona Hedimasta pale mbele akipiga hesabu ya safina kwa vidole, midomo ikimchezacheza. Tuliumia mbavu kwa kicheko cha kuzuia.

Usinielewe vibaya, hakuwa malaika. Huyo mtu aliyetuachia darasa bila msimamizi alikuwa mwizi mkubwa wa drafti. Mpishi akigeuka tu kutazama sufuria, kifuniko kimoja kilihama.

"Hedimasta, hii soda ilikuwa hapa."

"Una ushahidi?"

"Niko na macho!"

"Macho yako yalikuwa kwa sufuria."

Na baiskeli yake aliifunga kufuli mbili, ya mbele na ya nyuma, hapo hapo nje ya ofisi, huku dirisha likiwa wazi. Siku moja nilikuwa na ujasiri nikamwuliza, inakuwaje, Mwalimu, mtihani unauacha wazi na baiskeli unaifunga mara mbili? Hakuudhika hata kidogo. "Wezi wa baiskeli hawajaniahidi kitu," alisema. "Nyinyi mmeniahidi."

Ahadi yenyewe aliiita Kanuni za Heshima, na ilikuwa na vifungu vitatu. Cha kwanza: sitapokea msaada. Cha pili: sitatoa msaada. Cha tatu: nikimwona mwenzangu akiiba, nitasema, na nisiposema nitaadhibiwa pamoja naye. Alikuwa amezitoa mahali alikosomea, zilikuwa kwa Kiingereza, akazitafsiri kwa Kiswahili makusudi ili wazazi waelewe, kisha akampa kila mwanafunzi karatasi aipeleke nyumbani. Maskini. Wazazi wakaelewa.

Kwanza alitaka tuinue mkono wa kulia na kuapa. Hilo halikudumu hata wiki. Mama mmoja alipanda mpaka ofisini na mzigo wa kuni mgongoni, hakuutua. "Ngai! Mwalimu, hapa kwetu watu wameapishwa mpaka wakachoka. Watu wa msituni wanaapisha, watu wa serikali wanaapisha. Watoto waacheni." Hedimasta akafuta kuinua mkono, akaweka kutia sahihi mahali pake. Alikuwa mtu wa kuelewa haraka akielezwa mambo na mtu mmoja. Akielezwa na watu wengi pamoja alikuwa jiwe.

Mkutano wa wazazi ulikuwa wa watu wengi. Baba yangu alisimama. Baba hakuwa msemaji, na Kiswahili chake alikiokota kizuizini wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, lakini siku hiyo alikitumia kwa sababu Hedimasta hangefuata Kikuyu.

"Mwalimu, nimekuja na heshima," alisema. "Hii ya kwanza na ya pili ni sawa, hata mimi naweka kidole. Hii ya tatu, hapana. Mimi nilisimamishwa kwa mstari. Mbele yetu kuna mtu amefunikwa gunia kichwa yote, iko na shimo mbili ya macho. Akifika kwangu akatingisha kichwa. Basi. Hata jina yangu hakusema. Nikaenda miaka sita. Mpaka leo sijui ni jirani gani. Nakutana na watu kwa njia, nawasalimia, na kwa roho nauliza, ni wewe? Sasa wewe unataka kufundisha mtoto wangu hiyo kazi?"

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitazama chini, kwa sababu katika chumba kile, kama katika kila chumba cha Nyeri miaka ile, walikuwamo waliopelekwa na huenda walikuwamo waliopeleka. Hedimasta hakuyajua hayo. Kwao mambo hayakupita hivyo. Akajibu jibu baya kuliko yote niliyowahi kumsikia: "Mzee, hii ni shule, si kambi." Kifungu cha tatu kikabaki. Baba alivaa kofia yake akatoka.

Sasa nifike kwangu mwenyewe, ingawa sipendi.

Darasani nilikaa dawati moja na Gathoni. Mimi na yeye tulikuwa tunapishana alama mbili tatu, muhula huu yeye wa kwanza, muhula ujao mimi. Mwisho wa Kidato cha Pili kulikuwa na nafasi moja tu ya kwenda shule kubwa ya mjini, yenye maabara na maktaba, na Hedimasta ndiye angependekeza jina. Karatasi ya hisabati ndiyo ingeamua. Swali la mwisho lilikuwa la tangi la maji lenye mabomba mawili yanayojaza na moja linalovuja. Nilikuwa na homa wiki ile walipofundishwa matangi. Jikoni Hedimasta alikuwa akicheka. Nikageuza shingo kidogo tu, nikaona karatasi ya Gathoni, nikanakili mistari yote minne na jibu lake. Kisha nikaweka sahihi kwamba sijasaidiwa.

Kumbe Gathoni, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa amekosea. Nukta ilihama. Hedimasta alikuja darasani na karatasi mbili mkononi.

"Tangi hili," alisema, "kwa mujibu wa mabinti wawili, litajaa baada ya siku mia tatu na kumi na mbili na robo. Tutakunywa maji mwakani."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Kosa moja, mstari kwa mstari. Mmoja alionyesha kazi, mwingine alionyeshwa. Sibahatishi ni nani. Gathoni?"

Gathoni alisimama. Alijua, bila shaka alijua, maana ncha ya peni yangu ulikuwa karibu kugusa mkono wake. "Sisemi, Mwalimu," alisema.

"Kifungu cha tatu kinasemaje?"

"Najua kinavyosema. Sisemi."

Hedimasta akanigeukia. Nilijua nikikiri nafasi imekwenda, na nikimsingizia Gathoni dunia itanimeza. Ndipo mdomo wangu ukajifungukia: "Mimi pia sisemi, Mwalimu. Baba yangu alisemwa."

Loo! Darasa lote liligeuza shingo kwangu. Hedimasta alinitazama kwa muda mrefu. Uso wake ulibadilika, kwa sababu kile alichoambiwa na mtu mzima mbele ya mkutano mzima hakikumwingia, kikamwingia sasa kikitoka kwa msichana mmoja. Kifungu cha tatu kilikuwa kimeandikwa kwa chaki juu ya ubao tangu mwanzo wa mwaka. Alitoa leso yake mfukoni, akakifuta.

Nilikuwa nimechukua miaka sita ya baba yangu na kujifunika nayo kama shuka. Na ikafaa. Hilo ndilo baya, kwamba ilifaa.

Kwa kuwa hakujua mwizi ni nani, sote wawili alitupa sufuri. Nafasi ikaenda kwa kijana aliyekuwa wa tatu. Mimi sikuwa nimepoteza kitu changu, Gathoni ndiye aliyepoteza, maana hata na lile tangi lililokosewa angenipita. Tukabaki wote palepale, dawati lilelile. Hakunisema. Hakuniuliza. Aliacha tu kuniazima rula.

Jumapili iliyofuata Hedimasta alikuja nyumbani kwetu amevaa suti, akisukuma baiskeli, kwa sababu miinuko ya kwetu haipandiki. Mama alimpa uji. Akasimama mbele ya baba, yeye mtu mkubwa, mtu wa shahada, akasema kwa kile Kikuyu chake cha kurukaruka kwamba amekosea. Halafu akamalizia kwa Kiswahili: "Binti yako amenifundisha. Huyu ni mtu." Baba alimshika mkono kwa mikono miwili. Kisha akanitazama. Baba hakuwa mtu wa kunitazama hivyo, alikuwa ametoka kizuizini na macho yaliyozoea kupita kando ya watu. Nilikimbilia zizini nikalia, na mama akadhani ni furaha. Nilijichukia siku hiyo, na nimeendelea.

Baba alikufa bila kujua. Kabla ya hapo alikuwa amewasimulia watu wote wa kilima chetu.

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilirudi palepale, nikafundisha chini ya Hedimasta miaka mingi, na hapo ndipo nilipomjua kweli. Kanuni zilibaki mbili, na mtihani ukianza bado alitoka. Walimu wageni walimcheka. Mmoja alimwambia wazi katika chumba cha walimu kwamba watoto wanaiba, anadanganywa. "Najua wanaiba," alijibu huku akichovya mkate kwenye chai. "Mimi nawafundishia wale wasioiba. Wao watajizoezea wapi kama nimesimama pale?" Mwalimu yule akaomba sukari.

Sikumwona akimpiga mtoto ila mara moja, na alimpiga vibaya, kijana aliyemcheka mwenzake asiye na viatu. Baadaye alimwita kijana huyo ofisini akamwomba msamaha kwa fimbo ya nne na ya tano. "Tatu zilikuwa zako," alisema. "Mbili zilikuwa hasira yangu." Nilikuwa nimesimama mlangoni na madaftari, nikasikia. Mtu wa namna hiyo, unaishi naye kila siku, unakunywa naye chai, na una uongo kifuani ambao yeye anautumia kufundishia! Maana aliwasimulia wanafunzi wapya kila mwaka: "Palikuwa na msichana hapa..." Nami nimeketi nyuma, nikitazama kucha zangu. Mara ngapi nilitaka kusema! Nikasema nitasema muhula ujao.

Alistaafu, akahamia Kutus, kwao mke wake, akalima migomba na kubishana na majirani juu ya maji ya mfereji. Mimi nikawa Mwalimu Mkuu mahali pake. Mambo yalikuwa yamebadilika, mitihani imekuwa vita, mzazi yuko tayari kuuza ng'ombe mtoto apite. Mwaka ule tulikamata darasa karibu zima na majibu yaliyoandikwa mapajani. Halmashauri ya shule ikaitisha mkutano wa wazazi siku ya Jumamosi. Wengine walitaka Kanuni za Heshima zifutwe kabisa, walimu wasimame darasani na fimbo. Wengine, vijana waliozaliwa baada ya mambo yale, walitaka kifungu cha tatu kirudi, mtoto akiona aseme. Wote walisema, tutamsikiliza Mwalimu Mkuu, yeye ndiye msichana wa kifungu cha tatu. Alhamisi nilishuka Kutus.

Nilimkuta barazani akimenya njugu. Alikuwa amekonda, miwani imefungwa kwa uzi sikio moja. Alifurahi mpaka nikaona aibu. Nilimweleza habari za mkutano.

"Na wewe unataka nini?" aliuliza. "Zibaki, zirekebishwe, zifutwe?"

"Sina mdomo wa kusema, Mwalimu."

"Kwa nini huna?"

"Lile tangi. Nilinakili mimi."

Aliweka sahani ya njugu chini. "Rudia."

Nikarudia.

"Nilikwenda kwa baba yako."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nikamwambia wewe ni mtu. Mzee akanishika mkono."

Alisimama, akashika nguzo ya baraza. Sikuwahi kumwona na hasira ile. "Nimeisimulia habari yako miaka ishirini," alisema. "Miaka ishirini, Nyawira! Na Gathoni je? Gathoni ambaye kweli alikataa kumsema mwenzake, nimewahi kumtaja hata siku moja?"

"Hapana."

"Hapana!" Akakaa tena, kwa uzito. Nilidhani atanifukuza, na ningekwenda. Akaanza kuondoa maganda ya njugu gotini moja moja. Kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kupitia hesabu iliyokosewa:

"Kifungu kile nilikifuta kwa sababu ya uongo wako. Lakini baba yako hakudanganya. Nilipaswa kukifuta siku aliposimama yeye. Mtu mzima alinifungulia kidonda chake mbele ya watu, nikamjibu upuuzi. Hilo si lako, ni langu, usilibebe. La Gathoni ni lako."

Aliingia ndani akarudi na karatasi na peni, akaviweka kwenye kiti mbele yangu. "Andika," alisema. "Yote, tangu ulipogeuza shingo." Halafu akachukua jembe, akashuka mpaka mferejini, akaniacha peke yangu.

Niliandika. Mara mbili nilijikuta nimeanza kujitetea, ile homa, ile nafasi moja, nikakata. Aliporudi nilimpa. Hakuisoma. Aliikunja mara mbili akanirudishia.

"Mimi si wa kusomewa. Gathoni atakuwepo Jumamosi?"

"Ana binti Kidato cha Kwanza."

"Haya basi," alisema. Akanisindikiza mpaka barabarani na mkungu wa ndizi ambao alikataa nimsaidie kubeba. Hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo, wala sikumwona tena.

Jumamosi Gathoni aliketi safu ya pili, na kitambaa cha kazini kichwani, maana alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa na alikuja moja kwa moja. Nilisoma karatasi yote. Nilitaja jina langu, nikataja la baba yangu, na nikasema niliyemnyang'anya nafasi ni nani. Mtu mmoja nyuma alisema "Ngai," basi. Mwenyekiti hakujua pa kutazama.

Gathoni alisimama polepole, akakunja leso yake.

"Mimi nilikuwa nangoja hii kitu tangu tukiwa wasichana," alisema. "Nilikuwa nimekasirika, na bado nimekasirika, tutaongea mimi na yeye. Lakini mimi nasema hizo mbili zibaki, na ya tatu isirudi. Na huyu mwalimu msimfute." Akanitazama machoni kwa mara ya kwanza baada ya miaka ile yote. "Kanuni zenyewe ndiyo kwanza ameanza kuzifuata leo."